Hatua ya Nne: Mtani Aseme

Ukutani mwa chumba chetu cha kupikia jemu kulikuwa na dini tatu. Karibu na mlango palikuwa na rafu ya mafaili yangu, yamepangwa kwa rangi. Katikati ulikaa ubao wa kaizeni wa mkurugenzi, umejaa vikaratasi vya njano. Na kando ya jiko, kwenye msumari wake, ilining'inia sahani moja ya bati, nyeupe yenye ukingo wa bluu, imebanduka rangi mahali pawili. Kila dini ilikuwa na waumini wake, na kila muumini aliwaona wenzake wamepotea.

Mimi nilikuwa muumini wa mafaili. Nimezaliwa Lukozi, huku mlimani, katikati ya karoti na kabichi, nikapelekwa bondeni kusomea usindikaji wa vyakula, nikarudi na stashahada na maneno mengi. Kampuni ndogo ya jemu hapa Lushoto mjini ikaniajiri kuwa afisa ubora. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na bora nikiri mapema: nilikuwa najiona. Hasira zangu pia zilikuwa za karibu. Katika miezi mitatu ya kwanza niliandika mwongozo mzima, tangu matunda ya plamsi yanapopokelewa mlangoni hadi chupa inapobandikwa lebo. Kulikuwa na fomu ya kupokea, fomu ya kuosha, fomu ya kupika, na fomu ya kuthibitisha kwamba fomu zote zimejazwa.

Mkurugenzi alikuwa mzee mwenye moyo mzuri na mapenzi makubwa ya semina. Alikwenda Tanga siku tano, akarudi na kaizeni, ule utaratibu wa Kijapani wa kuboresha kazi kidogo kidogo. Alitukusanya jikoni, akina mama wanane pamoja nami, akaandika ubaoni maneno matano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Alipolitamka la kwanza kwa sauti, mama mmoja alijifunika kanga usoni na mabega yakaanza kumtikisika, kwa sababu kwa watu wazima kusasambua ni shughuli ya kufanya mlango ukiwa umefungwa. Mkurugenzi hakuelewa kilichochekesha. Aliendelea tu, na kufikia jioni kila kitu kilikuwa na mahali pake na kibandiko chake, kuanzia miiko hadi mifagio.

Sahani ya bati ilikuwa ya Mama Mpishi. Hilo ndilo jina tulilomwita sote, hata mkurugenzi. Yeye ndiye aliyeanza kupika jemu ya plamsi kwenye jiko la nyumbani kwake, na wenzake wawili wa kwaya ya Kilutheri, kabla mkurugenzi hajaja na mtaji. Kipimo chake kilikuwa kimoja. Alichota jemu kidogo kwa mwiko, akadondosha tone kwenye sahani baridi, akasubiri, akalisukuma kwa kidole. Likikunjamana, imeiva. Likikimbia, bado. Siku nilipomkabidhi kipimajoto alikigeuza geuza mkononi kama mtu aliyepewa samaki asiyemjua.

"Mwanangu," aliniambia, "plamsi haijui kusoma."

Hata hivyo alikuwa mtu wa heshima na kazi ilikuwa kazi, kwa hiyo tukapatana. Angetumia sahani yake, kisha kipimajoto changu, na sufuria isingeshuka jikoni mpaka vyote viwili viseme ndiyo. Mkurugenzi naye akaisanifisha sahani. Badala ya kuzagaa dirishani ilikokuwa ikikaa miaka yote, aliipigia msumari karibu na jiko, hatua moja tu kutoka kwa mpishi, na chini yake akabandika neno SAHANI. Nikaandika kwenye ripoti yangu kwamba kampuni imefanikiwa kuunganisha mifumo yake ya ubora. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumetia majogoo watatu kwenye tenga moja.

Msimu ulipochanganya, plamsi zikawa zinakuja kwa matenga mpaka tunakosa pa kukanyaga, chupa zetu zikaanza kurudi. Hoteli moja ya Tanga ilirudisha katoni nzima. Nilifungua chupa nikaingiza kijiko, kijiko kikasimama chenyewe. Jemu ilikuwa nyeusi na ngumu, na ukiipaka mkate, mkate unachanika.

Nilikimbilia daftari la makosa. Hilo lilikuwa moyo wa mfumo wangu. Yeyote anayeona kasoro anaandika tarehe, kasoro na mahali ilipotokea, na chini anatia saini. Daftari lilikuwa safi kama shuka la mgeni. Majuma tisa, na hakuna hata nukta! Na hawa akina mama ndio waliojaza zile chupa kwa mikono yao, wakafunga vifuniko, wakaona kila kitu.

Nilifoka. Nilisema mengi kuhusu uwajibikaji. Walinisikiliza wameinamisha vichwa, na nilipomaliza wakarudi kutoa kokwa. Baadaye mmoja wao, wa kwenye meza ya kujazia chupa, alinivuta hadi banda la kuni.

"Dada, usitukasirikie bure," akasema. "Asubuhi nimeingia nikamwamkia Mama Mpishi shikamoo, akaniitikia marahaba, akaniuliza mtoto anaendeleaje na kikohozi. Sasa saa nne nishike kalamu nimwandike? Mama wa watu?"

"Humwandiki yeye, unaandika kasoro."

"Kasoro ya jemu ya nani?"

Nikaenda kutengeneza sanduku. Nilikata tundu juu ya katoni, nikaandika MAONI, HUNA HAJA YA KUTAJA JINA, nikaliweka karibu na bomba la kunawia. Baada ya juma moja nikalifungua. Kulikuwa na ombi la kuongeza sukari kwenye chai ya saa nne, mstari wa zaburi, na karatasi iliyosema "Mungu atubariki sote kazini." Ya nne niliutambua mwandiko wake, maana ni wachache jikoni walioandika polepole vile, herufi moja moja. Mama Mpishi aliandika: "Huku kwetu barua isiyo na jina huandikwa na mtu mwenye nia mbaya. Ondoa hili sanduku." Nililiondoa siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo habari ikafika kwamba wenye maduka wa Dar es Salaam, ambao tulikuwa tukiwabembeleza tangu mwaka uliopita, wanamtuma mkaguzi baada ya majuma matatu. Mkurugenzi aliniita ofisini. Alikuwa ameshika bahasha, na hakuniangalia usoni.

Alisema Mama Mpishi amefanya kazi kubwa, na kila mtu huchoka. Ingekuwa vyema ahamie meza ya kuchambua, akae kwenye kiti, na sufuria ishikwe na kijana mwenye cheti wanayemtafuta Tanga. Yote yameandikwa humo kwa lugha nzuri.

"Mpelekee wewe," akaniambia. "Mimi siwezi. Yule mama alinipa chakula siku ya kwanza nilipofika hapa."

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Niliiweka bahasha ndani ya faili la fomu za kupika na kujiambia nitampa Jumatatu. Jumatatu niliingia, nikamkuta anakoroga, moshi umemzunguka, nikasema "Shikamoo mama," akajibu "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" na mkono wangu ukagoma kufungua faili. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano nilimwamkia, nikatoka, nikajipa moyo, nikarudi nikamwamkia tena, kisha nikamuuliza kama kuni zinatosha. Nilikuwa nimewafokea wenzangu kwa kushindwa kuandika neno moja, na mimi nimeshindwa kutoa karatasi iliyokwisha kuandikwa. Niliona aibu kweli. Siku kumi na tatu zikapita, bahasha bado imo kwenye faili.

Alhamisi ya juma la pili alikuja mwuza viungo wetu. Alikuwa mama wa Kibondei kutoka Muheza, mnene, mwenye sauti ya sokoni, anayetuletea mdalasini na iliki kila wiki mbili na kuondoka na chupa chache za jemu za kwake. Msambaa na Mbondei ni watani, na yeye alikuwa na desturi ya kuingia jikoni kwetu kama mtu anayeingia uwanjani kucheza mpira. Siku hiyo hakusalimia hata kidogo. Alitoa chupa kwenye kikapu akaigonga mezani.

"Enyi Wasambaa! Hii ni ya kula au ya kuzibia ufa? Mume wangu amepinda kijiko!"

Nilisikia sufuria ikitokota. Mama Mpishi aligeuka taratibu, mwiko mkononi.

"Wewe Mbondei," akasema, "umezoea kumeza bada la muhogo bila kutafuna. Leo umekutana na chakula cha watu wenye meno."

"Meno yenyewe umebakiza mangapi?"

Watu wakaangua kicheko. Yule wa chupa aliketi chini kabisa kwenye sakafu iliyosafishwa na kusanifishwa. Hata Mama Mpishi alikuwa akicheka, machozi yakimtoka, na wakaendelea kurushiana mambo ya mahari, ya kuogopa baridi, ya Mbondei aliyepanda mlima hadi Mtae na kuomba kushuka kwa kamba. Kisha mtani akamsogelea, akamshika mkono, akauliza kwa sauti ile ile ya mzaha:

"Haya, niambie kweli mtani wangu. Umezeeka, au umeamua kutuuzia matofali?"

Mtani hakasirikiwi. Swali lile mimi nisingeliuliza hata kwa fomu mia. Mama Mpishi aliacha kucheka, akajifuta mikono kwenye kanga, na akajibu mbele ya watu wote.

"Nilidhani nimezeeka," akasema. "Tone halikunjamani tena kama zamani. Nangoja, nangoja, linakimbia tu. Nikasema, kidole kimekufa. Nikawa napika zaidi. Na likija kukunjamana, kijiti cha huyu mtoto nacho bado kinasema panda. Nimelia nyumbani, mtani. Nilijua jemu ni ngumu, ila nilidhani ni mimi."

Mtani wake hakuwa na subira ya mambo hayo. Alinyoosha mkono akaichukua sahani msumarini apate kuona tone lenyewe, akaiachia kwa kelele. "Yalaa! Mnapikia jemu au chapati humu?"

Sahani ilikuwa ya moto. Sisi sote tulikuwa tumeiona ikining'inia kando ya jiko miezi miwili, imebandikwa jina lake vizuri, na hakuna aliyewaza kwamba inaota moto kutwa. Ilipokuwa ikikaa dirishani ilipigwa na upepo wa mlimani, ikawa baridi kama jiwe la mtoni. Kwenye bati la moto jemu iliyoiva nayo hukimbia. Kidole cha Mama Mpishi hakikuwa na ugonjwa wowote.

Ikabaki kesi ya "kijiti cha huyu mtoto," yaani kipimajoto changu. Palikuwa na birika la chai ya saa nne linachemka. Nilitumbukiza kipimajoto nikitumaini kujitetea. Maji yalikuwa yakitokota kwa nguvu zao zote na kipimajoto kiligota kwenye tisini na tano. Shuleni bondeni maji yalichemka kwenye mia moja, na jemu iliiva kwenye mia na tano, na mimi nilinakili mia na tano kwenye mwongozo kwa wino mweusi bila kukumbuka kwamba nimepanda mlima, na mlimani vitu huchemka kwa joto pungufu. Kila sufuria ilikuwa ikisubiri joto ambalo huku kwetu halifiki ila jemu ikishageuka gundi. Na haya niliyasoma! Yalikuwa kwenye mtihani!

Tulirudisha sahani dirishani, tukanywa chai, tukapika upya. Mama Mpishi alikoroga, mtani alitazama huku akitoa makosa kwa kila kitu, pamoja na namna mwiko ulivyoshikwa. Tone likadondoshwa. Likasukumwa. Likakunjamana kama ngozi ya maziwa. Nikachungulia kipimajoto: mia moja kamili. Mama Mpishi alinitazama, nami nikamtazama, na mtani akapiga vigelegele vilivyomtoa mkurugenzi ofisini akidhani kuna harusi.

Kabla ya kutoka nilifungua daftari la makosa mezani, mbele yao, nikaandika kwenye ukurasa wa kwanza: "Afisa ubora ameweka namba ya bondeni. Jemu imeungua. Saini." Mkurugenzi alisoma, akasimuliwa kisa cha msumari, akavua miwani, akaivaa, akaomba kalamu. Aliandika: "Mkurugenzi ameihamishia sahani motoni kwa nia njema. Saini." Ndipo Mama Mpishi akavuta kiti. Aliandika herufi moja moja, na jikoni hakuna aliyetia kokwa kwenye ndoo mpaka alipomaliza. "Nilijua ni ngumu. Nilinyamaza. Mama Mpishi."

Tangu siku ile daftari halikupumzika. Ilikuwa kama bomba lililozibuliwa. Yule wa meza ya chupa aliandika mambo manne kwa siku moja, mawili yakiwa yananihusu mimi.

Nilitupa mwongozo wangu nikaandika mwingine, kurasa tatu tu. Safari hii niliuandika jikoni, si ofisini, nikiuliza kila neno. Hatua ya kwanza, sahani ikae dirishani. Ya pili, tone lijaribiwe. Ya tatu, kipimajoto kisomwe, na kikibishana na tone, pikeni chupa moja ya majaribio kwanza. Hatua ya nne niliiandika nikicheka peke yangu: "Mtani aseme." Yaani jemu ionjwe hadharani, na aseme mtani, wa kabila au wa ukoo, au mjukuu kwa bibi yake, mtu ambaye ana ruhusa ya kusema. Ya tano, lililosemwa liandikwe daftarini. Ya sita, suluhisho libandikwe kwenye ubao wa kaizeni, kikaratasi cha njano, na mkurugenzi asisogeze kitu chochote kabla ya kumwuliza anayekitumia. Hilo la mwisho alilikubali baada ya mabishano.

Mkaguzi alifika akiwa kijana nadhifu mwenye orodha yake kwenye kishikwambi. Alisoma kurasa zetu tatu, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Samahani," akauliza, "huyu mtani ni cheo gani? Yuko kwenye muundo wa kampuni?"

Mkurugenzi akanitazama. Mimi nikamtazama Mama Mpishi. Mtani mwenyewe, ambaye alikuwa amesogeza safari yake ya kutoka Muheza makusudi, akatokeza kichwa kati ya magunia ya sukari.

"Na wewe kabila gani, baba?"

"Mzigua," akasema mkaguzi, kabla hajajua anaingia wapi.

"Haa! Mtani mwingine! Karibu kazini!" Akampa kijiko. "Hatua ya nne, onja useme."

Kijana alionja. Akajaribu kubaki na uso wa kazi, akashindwa. Alisema jemu ni nzuri mno kuwa ya Wasambaa, lazima wameiba mahali. Jikoni pakalipuka. Kisha akaomba daftari la makosa, na hapo hakucheka. Alisoma mstari wa kwanza, wa pili, akakawia kwenye wa tatu, ule wa herufi moja moja. Alituambia amekwisha kuona madaftari mengi safi, na siku zote huyaogopa. Baada ya majuma mawili maduka yakaagiza katoni za kwanza.

Mkurugenzi alinijia siku hiyo akijikuna kichwa. "Ile karatasi," akasema. "Iko wapi?"

"Ipo kwenye faili."

Akasema ni vizuri, akaenda zake, na hakuitaja tena.

Kesho yake niliwahi kazini. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, na Mama Mpishi alikuwa peke yake jikoni akihangaika na kuni zilizolowa. Sahani ilikuwa dirishani inapoa. Hakugeuka.

"Lete ile barua yangu," akasema.

Nilisimama. Nilimwuliza barua gani, na sauti yangu mwenyewe ilinisaliti.

"Mkurugenzi aliacha kuniangalia usoni tangu Ijumaa ile. Na wewe ukawa unaniamkia mara mbili mbili kila asubuhi. Mtoto gani anaamkia mara mbili?" Sasa akageuka, na alikuwa anatabasamu. "Nilikuwa nakungoja. Nilitaka nione utaanza na nini, shikamoo au barua."

Nilitoa bahasha kwenye faili la fomu za kupika, nikampa kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuifungua. Aliikunja, akaisukuma chini ya kuni, akanyoosha mkono. "Haya, niletee kiberiti."